Zablon na Jiwe Lisiloshikwa na Sumaku

Zablon Magak alirudi kwao Magunga akiwa na miaka hamsini na mbili, kifua kilichochoka na macho ambayo hakuna jiwe lililoweza kuyadanganya. Miaka ishirini na mitatu ilikuwa imempitia kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, upande wa Migori. Alianza kwa kushuka shimoni kama wengine, lakini muda si mrefu wenzake waligundua kwamba anafaa zaidi akibaki juu. Akawa anakaa karibu na mdomo wa shimo, anapokea mawe yanayopandishwa, analowesha moja kwa ulimi, analigeuza juani mara moja tu, kisha analitupa kulia au kushoto. La kulia lilikwenda kwenye kinu. La kushoto lilikuwa takataka. Watu walishuka na kupanda kwa neno lake, na hakuna aliyewahi kusema Zablon alimdanganya.

Mimi nilimjua kupitia binti yake. Nafundisha kemia katika shule ya upili hapa Magunga, na Linet alikuwa mwanafunzi wangu. Alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule wa sikoseli. Maumivu yakimshika viungoni alilala siku tano au sita, na siku ya kurudi alinifuata ofisini na daftari, anataka kujua kila kitu kilichompita. Mtihani wa kidato cha nne aliufanya akiwa amekalia mto. Alipata alama za kumpeleka chuo, lakini mwaka ule alilazwa mara tatu, na mama yake, Jedidah, hakukubali awe mbali. Kwa hiyo akabaki nyumbani na simu yake, akisoma chochote alichokipata.

Mambo ya mawe ya angani yalianza Jumanne moja ya mwezi wa Septemba, saa nane mchana. Nilikuwa darasani. Tulisikia mishindo mitatu mfululizo, kama baruti ya machimbo, vioo vya madirisha vikatetemeka, kisha mvumo mrefu ukaelekea upande wa mbuga ya Ruma. Wanafunzi wakakimbilia nje. Angani palikuwa na mstari wa moshi mweupe uliokuwa umeanza kupinda.

Jirani yake Zablon, mama mjane anayeitwa Phelesia, alikuwa anaanika mtama. Kitu kilipiga ardhi karibu na zizi lake la mbuzi. Hakukigusa. Alikifunika kwa karai, akaenda moja kwa moja kumwita Zablon. Zablon akainua karai, akachukua jiwe lenye ukubwa wa ngumi, jeusi kama sufuria ya kuni, zito kuliko lilivyoonekana. Kona moja ilikuwa imevunjika na ndani palikuwa na rangi ya majivu. Akaligeuza mara nyingi.

"Hili silijui," akasema.

Phelesia aliniambia baadaye kwamba maneno hayo yalimtisha kuliko ule mshindo, kwa sababu hakuwahi kumsikia Zablon akiyasema.

Jioni ile nilipita kwao nikawakuta baba na binti wameinamia meza, jiwe liko kati yao kwenye sahani. Linet alikuwa anasoma Kiingereza kwenye simu na kumweleza baba yake kwa Kijaluo, na pale Kijaluo kilipokosa neno, walilitafuta kwa Kiswahili.

"Angalia hapo palipovunjika," Linet alisema. "Kuna vitu vya mviringo?"

"Viko. Vidogo, kama punje za wimbi."

"Hizo wanasema jiwe la ardhini halina. Na zile chembe zinazong'aa?"

Zablon akachukua sumaku ya spika iliyoharibika, akaisogeza. Jiwe likavutwa kidogo. "Ni chuma," akasema. "Chuma tupu, si udongo wa chuma. Na huu weusi wa nje si rangi yake. Limeungua. Ona ganda lilivyo jembamba, kama ukoko wa ugali."

"Basi ni kimondo, Baba. Cha mawe. Aina ya kawaida."

"Kimetoka mbinguni, na unakiita cha kawaida?"

Linet alicheka mpaka akashika mbavu. Nakumbuka Jedidah alitoka jikoni kuangalia kama ni maumivu.

Wiki iliyofuata alifika Daktari Mokeira, mtaalamu wa mawe kutoka chuo kikuu kimoja Nairobi. Alikaa siku tatu. Alitembea na Zablon kwenye mashamba ya mahindi na vichaka vya bonde la Lambwe, na Linet akapanda pikipiki ili asiachwe. Walipata mawe kumi na manne ya anguko lile moja. Daktari alinieleza kwamba Zablon aliona jiwe la tano kutoka hatua thelathini, katikati ya kokoto nyeusi za kijito, na alipoulizwa alijuaje, alisema lile halikuwa na sura ya kukaa pale. Daktari alipoondoka aliwaachia lenzi ndogo na sumaku nzuri iliyofungwa kwenye kijiti. Akawaambia, watu wakileta mawe, wayaangalie, waandike yalikotoka, kisha wampigie.

Na watu walileta kweli. Walitoka Rodi Kopany, walitoka visiwani. Mvuvi mmoja wa Remba alileta bonge lililonaswa na wavu, ambalo Zablon aliligeuza mara moja na kusema ni chuma cha mashine, kimekula kutu majini. Kazi ilifanyika chini ya kibaraza. Zablon alipokea jiwe na Linet aliketi kwenye kiti cha plastiki na daftari. Jiwe lenye matundu kama mkate lilikuwa mavi ya chuma, mabaki ya wahunzi wa zamani. Jiwe jeusi na zito lilisuguliwa kwenye tako la kikombe, mahali pasipo na rangi ya kung'aa, na likiacha mstari mwekundu lilikuwa la ardhini, likarudishwa kwa mwenyewe. Yale laini na mazuri, yanayong'aa mikononi, yalikuwa ya mtoni. Kimondo, Linet alieleza, kina ganda lililoungua, kona zake zimelainika, na mara nyingine kina mibonyeo kama mtu amebonyeza unga kwa kidole gumba.

Alimfundisha baba yake pia aina ambazo hawakuwahi kuziona. Kuna vya chuma kitupu, ambavyo vikikatwa na kuoshwa kwa asidi hutoa michoro ya mistari inayopishana. Kuna vya chuma kilichoshika vipande vya kijani, kama chupa iliyovunjika. Zablon alipenda sana picha ya hicho cha kijani. Alimwomba amwonyeshe kila mara.

"Ningeona kimoja kabla sijafa," alisema siku moja mimi nikiwapo.

"Hata mimi," Linet akajibu, bila kuinua macho kwenye daftari.

Karibu wote waliokuja waliondoka na mawe yao. Zablon alikuwa na namna yake ya kukataa. Alirudisha jiwe kwa mikono miwili na kusema pole, kana kwamba kosa ni lake.

Maroa alikuja mwezi wa Machi, mwaka wa pili wa kazi hiyo. Ni Mkuria, mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Isebania, karibu na mpaka. Alikuwa ameanza safari alfajiri, na jiwe lake lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa ndani ya mfuko wa ngozi. Siku hiyo haikuwa nzuri kwa Zablon. Linet alikuwa ndani tangu juzi, maumivu yamemshika mgongo na miguu, na Jedidah alikuwa anamkanda kwa kitambaa cha maji moto. Zablon alimsikia binti yake kupitia dirisha kila alipougulia.

"Lilianguka mbele yangu," Maroa akamwambia. "Nilikuwa napalilia. Nikasikia kama nguo inapasuliwa, halafu puu! Nililitoa mchangani likiwa bado vuguvugu."

Zablon alichukua kijiti chake. Sumaku ililigusa jiwe na ikaachia. Akajaribu upande wa pili, ikaachia. Akaweka lenzi kwenye ncha iliyomeguka. Hapakuwa na punje za wimbi wala chembe ya chuma. Ndani palikuwa na weupe-weupe kama saruji iliyokauka. Nje palikuwa peusi lakini panang'aa, kama pamepakwa vanishi, na vimondo vyote alivyovishika vilikuwa na weusi uliofifia.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Hili ni jiwe tu."

"Mimi nililiona."

"Labda kuna mtu alirusha."

Maroa alilifunga jiwe polepole, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaenda zake. Zablon hakumwandika daftarini. Daftari lilikuwa ndani na mwenye kuandika alikuwa kitandani.

Jua lilipoanza kuteremka maumivu yalimwachia Linet kidogo, na Zablon akakaa kando yake akamsimulia mambo ya siku, kama alivyozoea. Alipofika kwenye jiwe la Maroa, Linet alijiinua kwa kiwiko.

"Nje palikuwa panang'aa?"

"Kama vanishi."

"Na ndani kama saruji."

"Ndiyo."

"Baba, hicho ni kimondo. Kuna aina haina chuma, haina punje. Ni mwamba ulioyeyuka huko kwenye kidunia kingine ukapoa, kama mawe ya volkano. Sumaku haikishiki. Ganda lake ndilo hung'aa hivyo."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ni adimu sana. Nilijua tutafika huko." Akavuta pumzi. "Ulichukua namba yake?"

"Hapana."

"Mtafute, Baba. Umemwambia mtu hakuona kitu alichokiona."

Zablon aliahidi kwenda Jumamosi. Ijumaa Linet alipandwa na homa, kifua kikabana, na Jumamosi walikuwa Homa Bay hospitalini. Alilazwa siku tisa. Zablon alikaa kwenye benchi nje ya wodi, Jedidah akakaa ndani. Siku ya nne Linet alimuuliza baba yake kama amekwenda kwa yule mtu. Akamjibu kwamba atakwenda akishapona.

Siku ya nane alimuuliza tena. Alikuwa na mpira wa oksijeni puani na sauti yake ilitoka kidogo kidogo.

"Nimekwenda," Zablon akasema. "Nilitoka hapa jana asubuhi. Nilimpata."

"Na jiwe?"

"Ulisema kweli. Ni chenyewe."

"Kinang'aa?"

"Kinang'aa, nyathina, mwanangu."

Linet alitabasamu akafumba macho. Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka ishirini.

Tulimzika nyumbani kwao wiki iliyofuata. Nilisema maneno machache kwa niaba ya shule, na sikuyamaliza vizuri. Zablon hakulia mbele za watu. Baada ya mazishi Jedidah aliweka lenzi, sumaku na daftari kwenye sanduku la nguo za Linet, akalifunga. Watu waliokuja na mawe waliambiwa mwenyewe hayupo, ingawa alikuwa amekaa pale pale wanamwona.

Mwezi wa Juni Zablon alinieleza habari ya uongo ule wa hospitalini, kwamba hakuwa amekwenda kokote. Tulikuwa nyumbani kwangu, tunangoja mvua iishe. Nilimwambia ilikuwa huruma, kwamba mzazi yeyote angefanya vile.

"Mwalimu," akasema, "miaka ishirini na mitatu watu walishuka shimoni kwa neno langu. Sikuwahi kusema nimeona kitu ambacho sijakiona. Nimekuja kusema kwa mtoto wangu, siku ya mwisho."

Shule zilipofungwa Agosti nilimwambia twende Isebania.

Tulikuwa na jina moja tu, Maroa, na kazi ya tumbaku. Kwa Wakuria jina hilo limejaa kama Otieno kwetu. Tulilala kwenye nyumba ya wageni, na siku ya pili, kwenye ghala ambapo wakulima hupimiwa majani, mama mmoja alisema, "Nyinyi mnamtaka Maroa wa jiwe." Akatuonyesha njia. Alisema hivyo akicheka, na nilimwona Zablon akiinamisha kichwa.

Maroa alikuwa anafunga majani kwenye vijiti. Alimtambua mgeni wake mara moja. Alituletea viti, akaendelea kusimama.

"Wewe ndiye uliyesema labda kuna mtu alirusha."

"Ndimi," Zablon akasema. "Nimekuja kukuambia nilikosea. Wewe ulisema kweli."

"Umejuaje? Hujaliona tena."

"Binti yangu alinieleza. Ndiye aliyekuwa anajua. Alinieleza siku ile ile uliyoondoka."

"Siku ile ile," Maroa akarudia. "Na huu ni mwezi wa nane."

"Alikufa."

Maroa aliweka chini kijiti alichokuwa ameshika. Alikaa. Baadaye alimwita mke wake kwa Kikuria, na mama huyo akaleta uji, akatupa mkono mmoja mmoja na kusema pole. Hapo ndipo Maroa alipotueleza. Aliporudi kutoka Magunga watu walimcheka. Waliomwona akiondoka na mfuko wake alfajiri walimngojea arudi nao. Siku ya tatu alichukua nyundo kubwa, akalipasua jiwe nyuma ya nyumba, vipande vikachanganywa na kokoto za sakafu ya jiko jipya.

"Kama ungesema hujui," alimwambia Zablon, "ningelirudisha tu kwenye kabati."

"Ndiyo," Zablon akasema.

Waliingia jikoni. Zablon alipiga magoti akapapasa sakafu ya saruji kutoka ukuta hadi ukuta, na hakuna kilichoonekana. Akaomba aonyeshwe mahali jiwe lilipopasuliwa. Palikuwa kando ya migomba, mwamba mdogo umetokeza ardhini, juu yake alama nyeupe za nyundo. Akaomba chekecheke la mtama. Watu wazima watatu tulichuchumaa pale tukichota udongo na kuuchekecha, Maroa akichota, mimi nikishika chekecheke, Zablon akiangalia kilichobaki juu. Tulifanya hivyo tangu saa tano hadi karibu saa tisa. Mara nyingi alitikisa kichwa tu.

Kisha akaokota kitu kidogo kama kidole gumba. Kwa mazoea ya machimboni alikipeleka mdomoni kukilowesha, akakumbuka kwamba Daktari alikataza, akakifuta kwenye shati. Upande mmoja ulikuwa mweusi unaong'aa, na kwenye weusi huo kulikuwa na vistari vyembamba, kama nta iliyotiririka kwenye mshumaa. Alikigeuza. Ndani palikuwa na weupe wa saruji na nukta za kijivu.

"Ni chenyewe," akasema.

Alikaa kitako kwenye udongo akalia, akiwa amekishika kile kipande kwa mikono miwili. "Nilimwambia kinang'aa," alirudia kwa Kijaluo, mara nyingi. Maroa aliniuliza anasema nini. Nikamweleza yote, habari za hospitali na siku ya nane. Maroa alisikiliza, kisha akaendelea kuchota udongo peke yake, na kabla ya jua kuzama alikuwa amepata kipande cha pili.

Kimoja alibaki nacho. Kingine alitukabidhi tumpelekee Daktari Mokeira, ambaye alikikata na kukipima. Barua yake ilifika Desemba. Ilikuwa kama Linet alivyosema: kimondo cha mwamba ulioyeyuka, kisicho na punje, aina ambayo wataalamu wengi hawapati kuishika ikiwa imeanguka mbele ya mtu. Daktari aliandika pia kwamba vipande vilivyomo sakafuni vimeharibika, vingekuwa na mengi ya kueleza. Aliandika bila ubaya. Zablon aliniomba nimsomee sentensi hiyo mara mbili.

Nilimpigia Daktari simu, Zablon akiwa kando yangu, na akauliza kitu kimoja: kama kimondo kile kinaweza kupewa jina la Linet.

"Mzee Zablon, ningependa sana," Daktari alisema. "Lakini vimondo hupewa jina la mahali vilipopatikana. Hakuna kinachopewa jina la mtu. Nitamtaja kwenye ripoti, kwamba ndiye aliyekitambua."

"Bila kukiona," Zablon akasema.

"Bila kukiona. Nitaandika hivyo."

Nikamuuliza siku nyingine kama sasa moyo umetulia, kwa kuwa alichomwambia mtoto kimethibitika. Alisema kile alichokiona Isebania alikiona mwezi wa nane. Mwezi wa tatu, aliposema amekwenda kukiona tena, hakuwa amekwenda.

Sanduku lilifunguliwa mwaka mpya. Watu wanaleta mawe tena, si wengi kama zamani, na Zablon anayapokea kibarazani. Hagusi sumaku kabla mtu hajamaliza kueleza alilipata vipi. Asipokuwa na hakika husema hajui, na kuna wanaoondoka wakinung'unika kwamba Zablon amezeeka. Maroa humpigia simu siku za Jumapili. Sijui huzungumza nini.

Ripoti ya Daktari ilipotumwa niliichapisha shuleni nikaipeleka kwao. Jina la binti lilikuwa pale, mwishoni mwa ukurasa wa kwanza, lakini limeandikwa vibaya, na herufi mbili zaidi. Zablon alisema haidhuru. Jedidah, ambaye muda wote huu hakuwa amesema lolote juu ya mawe, aliniangalia.

"Mwalimu, mpigie."

Nilipiga. Karatasi iliyosahihishwa ilikuja baada ya wiki tatu. Jedidah hasomi Kiingereza. Aliniomba nimwonyeshe mahali, akaweka kidole hapo, akahesabu herufi moja moja mpaka ya tano, kisha akaikunja karatasi, akaitia kwenye sanduku la Linet na kwenda kuwasha moto jikoni.